Televisheni Mpya Katika Nyumba ya Magurudumu

Akina mama wenzangu, mgeni akifika Moshi kwa mara ya kwanza huuliza, "Mlima uko wapi?" Mara nyingi hujibiwa kwa kidole kinachoelekezwa mawinguni. Mlima Kilimanjaro una tabia ya kujificha mchana. Anayetaka kuuona sharti aamke alfajiri. Hapo ndipo Kibo huonekana chote pamoja na theluji yake iliyobaki, na upande wa mashariki Mawenzi yenye vilele vilivyochongoka kama meno. Kibo kina urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, na Mawenzi mita 5,149. Mji wetu uko chini kabisa, kwenye mita 800 na kitu. Kati ya mji na msitu wa mlima ndipo watu wanapoishi, kijiji juu ya kijiji, kihamba kando ya kihamba, hadi mahali ambapo mgomba hauwezi tena kustahimili baridi.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka kadhaa sasa, mwisho wa juma mmoja katika kila mwezi, napanda huko pamoja na akina mama wenzangu wa kanisani kwa kazi ya kujitolea. Tunapima shinikizo la damu na sukari, tunapima uzito wa watoto, tunazungumza na wajawazito, na jioni tunaonyesha filamu za mafundisho ya afya. Leo sitaki kuwaeleza habari za dawa. Nataka niwachukue safarini katika gari letu, na njiani niwasimulie juu ya kifaa kimoja ambacho kilitusumbua sana kabla ya kutusaidia, nacho ni televisheni.

Gari lenye vitanda na jiko

Gari letu ni basi dogo la zamani, Toyota Coaster, tulilopewa na familia moja ya hapa mjini lilipokwisha kuchoka kubeba abiria. Seremala aling'oa viti vya nyuma, akatengeneza vitanda viwili vya kukunja, kabati la dawa, meza, mahali pa jiko dogo la gesi na pa kuweka ndoo ya maji yenye bomba. Tukifika kijijini hatuna haja ya kumsumbua mtu atupe malazi. Tunapika humo, tunalala humo, na asubuhi tunafungua mlango na kuanza kazi. Watoto wa Marangu walilipa jina lao: nyumba inayotembea.

Juu ya kabati ilikaa televisheni ya chogo ya inchi 14, na chini yake deki. Zamani deki hiyo ilikuwa ya kanda za video, baadaye tukapata ya kuchezesha santuri za DVD. Televisheni ilipata umeme kwa njia ya inveta, yaani kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri ya gari kuwa umeme wa nyumbani. Ilikuwa nzito kama gunia dogo la mahindi, nasi tulikuwa tumeifunga kwa kamba za mpira kama mzigo wa baiskeli.

Kutoka tambarare kwenda migombani

Safari yetu huanzia karibu na Mnara wa Saa, katikati ya mji. Tunaipita Kiboriloni, ambako akina mama wengi wa mkoa huu hununua mitumba, kisha tunashika barabara kuu kuelekea mashariki. Hapo nchi ni ya joto na vumbi, na mahindi na alizeti hutegemea mvua tu. Tukifika Himo tunapinda kushoto na kuanza kupanda. Ndani ya dakika chache hali ya hewa hubadilika. Dirisha lililokuwa wazi hufungwa. Migomba inasogea hadi ukingoni mwa barabara, na chini ya migomba kuna kahawa, na chini ya kahawa kuna magimbi. Mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu bado inapita katika baadhi ya vihamba. Kati ya kihamba na kihamba umepandwa ua wa masale, jani lile ambalo Mchaga akikujia nalo mkononi ujue amekuja kuomba msamaha.

Marangu Mtoni iko karibu kilomita 40 kutoka Moshi. Watalii hupita hapo kwenda lango la kupandia mlima. Sisi huendelea na barabara ya Mamba na Mwika, na mara nyingine hufika Rombo, Mkuu hata Tarakea, mahali ambapo simu yako bila kuombwa huanza kunasa mtandao wa Kenya. Barabara kuu ni ya lami, lakini vijiji vyenyewe viko juu na chini yake, kwenye njia za udongo mwekundu. Wakati wa masika udongo huo huteleza kama sabuni. Wakati wa kiangazi una makorongo yanayotikisa gari hadi sahani zinagongana kabatini.

Mlima huu umekatwa na mito mingi midogo iliyochimba mabonde yenye kina. Kwa hiyo watu huishi juu ya migongo ya ardhi iliyo kati ya bonde na bonde. Unaweza kumwona jirani wa ng'ambo akianika nguo, lakini kumfikia ni lazima ushuke hadi mtoni na kupanda tena. Kumbukeni jambo hilo, kwa sababu linahusu mawimbi ya televisheni kama linavyohusu miguu ya mama mjamzito.

Picha za kutembezwa si jambo geni

Msidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kupeleka picha vijijini kwa gari. Mwaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, ulioendeshwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misioni kwa msaada wa fedha kutoka Marekani. Waliokuwa wakiusimamia, Notcutt na Latham, walizizungusha filamu hizo kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati. Mojawapo ya mambo waliyofundisha ni namna ya kujikinga na minyoo ya safura. Baadaye zilifuata gari za sinema za serikali na za makampuni, na wazee wetu wanakumbuka kitambaa cheupe kilichotundikwa uwanjani na watoto waliokaa chini kwenye nyasi.

Televisheni yenyewe ilichelewa kwetu. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa ilifuata mwaka 2000. Mimi nilikuwa msichana wa shule wakati huo wa mwanzo, na mtaani kwetu nyumba yenye televisheni ilijulikana kwa wingi wa ndala mlangoni.

Kisha yakaja mabadiliko ya mitambo. Usiku wa kuamkia mwaka 2013 matangazo ya mfumo wa zamani wa analojia yalizimwa Dar es Salaam, na katika miezi iliyofuata miji mingine, Moshi ikiwamo. Tangu hapo televisheni ya chogo bila king'amuzi haikuonyesha kitu ila chenga. Nyumba nyingi za hapa zilinunua king'amuzi na kuendelea na televisheni ileile ya zamani. Katika gari letu pia tuliendelea na ile ile, maana hatukuhitaji matangazo sana. Tulihitaji filamu zetu.

Usiku wa baridi juu ya Mwika

Lililotufanya tufikirie upya ni usiku mmoja wa Julai katika kijiji kilicho juu ya Mwika. Julai kule juu ni baridi ya kweli; watu walikuja na mablanketi mabegani. Tulikuwa tumeonyesha filamu juu ya dalili za hatari kwa mjamzito: kutokwa damu, maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, mtoto kuacha kucheza. Watu walikwenda kulala. Yapata saa tano usiku akaja kijana anakimbia na tochi.

"Shikamoo, Nesi. Dada anatoka damu, na siku zake bado."

Dereva wetu, mzee mtulivu aliyewahi kuendesha mabasi ya Dar es Salaam, akawasha gari. Stata ililia mara moja, kwa unyonge, ikanyamaza. Gari lilikuwa na betri moja tu, nayo ilikuwa ya zamani. Betri hiyohiyo iliwasha injini, taa za ndani, na ile televisheni pamoja na deki yake kwa saa mbili na nusu za jioni.

Mlima ulitusaidia. Vijana wapatao kumi walitoka majumbani, wengine na makoti juu ya nguo za kulalia, wakalisukuma gari hadi penye mteremko. Mzee akaachia klachi, injini ya dizeli ikashika. Yule mama tulimlaza kwenye kitanda chetu kimoja, nami nikakaa naye chini hadi hospitali. Alijifungua kwa upasuaji usiku uleule, mtoto wa kiume, na wote wawili wakaishi. Lakini katika njia yote ile ya kushuka nilikuwa najiuliza jambo moja: je, kama kijiji kile kingekuwa tambarare?

Fedha ni za nani?

Jumapili iliyofuata tulikaa kikao. Baadhi ya wenzetu walitaka televisheni iondolewe kabisa. "Tunakwenda kupima watu, hatuendi kuwaburudisha," alisema mmoja. Mhazini wetu, mama anayeuza ndizi sokoni na ambaye anajua uzito wa kila shilingi, aliuliza swali gumu zaidi: "Fedha ya televisheni mpya ingenunua vipimo vya sukari vingapi?"

Swali hilo lilistahili jibu la haki. Jibu lilitoka kwa mkunga mstaafu ambaye hupanda nasi. Alisema hivi: "Yule kijana alijuaje kwamba damu ile ni ya hatari? Alikuwa amekaa mstari wa mbele anatazama. Ndiyo maana alikimbia saa tano, hakungoja kupambazuke." Kikao kilinyamaza. Tukaafikiana kwamba picha ibaki, lakini isiwe kamwe inakula umeme wa kuwashia gari. Mhazini naye akashinda kwa upande wake: tununue kidogo kidogo, kwa michango, na tusiguse hata senti ya vipimo. Tuliuza maandazi na vitenge kwa miezi minne.

Hesabu ya umeme inayoeleweka na kila mama

Katika miezi hiyo tulikutana Marangu na wazee wawili, mke na mume, waliokuja kutoka Ujerumani kwa lori walilolifanya nyumba. Wenzetu wa Ulaya hustaafu na kuzunguka dunia namna hiyo. Yule mama alitukaribisha ndani, akatupa chai, na mumewe akatuonyesha jinsi televisheni yao ilivyofungwa. Ilikuwa nyembamba, ikipata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri ya pekee, bila inveta. Fundi wetu wa umeme wa magari alipoelezwa alicheka akasema, "Mama, hata hapa mjini inawezekana. Ni hesabu tu."

Hesabu yenyewe ni hii. Umeme unaotumika hupimwa kwa wati. Gawanya wati kwa volti 12 za betri, utapata ampea zinazotoka. Televisheni yetu ya chogo ilikula kama wati 60, na deki wati 15. Inveta nayo hupoteza sehemu inapogeuza umeme, hivyo jumla ilikuwa karibu wati 85, yaani ampea 7. Betri mpya ya ampea-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo inaharibika mapema. Nusu ni 50. Gawanya kwa 7: saa saba. Betri iliyozeeka hupungukiwa na uwezo. Ile yetu ilikuwa haifiki hata saa tatu.

Televisheni mpya bapa ya LED ya inchi 24 tuliyoinunua hutumia wati kama 24. Inakubali volti 12 moja kwa moja, kwa hiyo inveta haihitajiki, na filamu zinasomwa kutoka kwenye flashi iliyochomekwa ubavuni, kwa hiyo deki nayo imestaafu. Ishirini na nne kwa kumi na mbili ni ampea 2. Betri ileile mpya ingeendesha televisheni saa 25. Picha imekuwa kubwa, nayo inakula chini ya theluthi ya umeme wa mwanzo.

Hata hivyo hatukuishia hapo. Fundi aliweka betri ya pili kwa ajili ya nyumba, na kati yake na betri ya injini akaweka rilei. Injini ikiwaka, betri zote mbili zinachajiwa. Injini ikizimwa, zinaachana. Sasa hata tukisahau taa na televisheni usiku kucha, gari litawaka. Juu ya paa kuna paneli ya sola ya wati 100. Asubuhi, kabla mawingu hayajafunga, hutupatia kama ampea 5. Saa nne za jua zinatosha televisheni kwa saa kumi.

Mlima na mawimbi

Jioni, baada ya kazi, sisi pia ni watu. Tunapenda kusikiliza taarifa ya habari tukila mtori. Ndipo yale mabonde niliyowaambia yanapoingia. Mawimbi ya king'amuzi cha antena hutoka kwenye mnara na husafiri karibu kama mwanga wa tochi, kwa mstari ulionyooka. Ukisimama juu ya mgongo wa ardhi unapata picha safi. Ukishuka mita hamsini nyuma ya kilima picha inaganda, sauti inakatika. Katika mfumo wa zamani picha mbaya ilionekana kwa chenga. Katika mfumo wa dijitali ama unapata picha nzuri ama hupati kitu.

Dishi ni habari nyingine. Setilaiti za televisheni ziko juu ya mstari wa ikweta, kama kilomita 36,000 angani. Sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo zimejipanga juu ya vichwa vyetu kutoka mashariki kwenda magharibi. Kibo, pamoja na ukubwa wake wote, kiko kaskazini mwetu nacho hakizibi kitu. Kinachoziba ni mgomba wa jirani. Dishi letu huelekezwa magharibi, na mara mbili tumelazimika kuhamisha gari kwa sababu ya jani moja pana lililolowa mvua.

Kazi ya chombo

Akina mama, mambo ya wati na ampea yana faida gani kama picha haimfikishi mtu mahali? Nawapa mfano mmoja. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kati ya saratani zinazowapata wanawake wa Tanzania. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ndio uliochaguliwa mwaka 2014 kujaribu kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa shule. Mwaka 2018 chanjo ilienea nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 serikali ikaanza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini uvumi husafiri kwa kasi kuliko gari la chanjo. Wako wazazi walioambiwa kwamba binti akichomwa hatazaa.

Kwa maneno matupu nilikuwa sipati ushindi. Kwa televisheni ya inchi 14 waliokaa nyuma hawakuona kitu ila mwanga wa bluu. Katika safari ya tatu na televisheni mpya, kijiji kimoja cha Rombo, tulionyesha mchoro wa kirusi kinavyoingia katika mlango wa kizazi na jinsi kinga ya mwili inavyokizuia ikiwa imeshafundishwa na chanjo. Bibi mmoja mwenye kanga mbili kichwani akanyanyua mkono.

"Nesi, rudisha nyuma. Pale mdudu anapogonga mlango."

Nikarudisha. Akatazama tena, kisha akaomba mara ya tatu. Akawageukia wenzake akawaeleza kwa Kichaga. Nilielewa maneno machache tu, lakini nilielewa mkono wake: alikuwa anafunga mlango na kutia komeo. Baadaye alinieleza kwamba binti yake alikufa kwa ugonjwa huo akiwa na miaka arobaini na mmoja, akamwachia wajukuu watatu, na wa katikati ni msichana wa miaka kumi na mmoja. Baba wa mtoto alikuwa amekataa chanjo. "Nitazungumza naye," alisema. Mwezi uliofuata mwalimu wa shule ile alinipigia simu juu ya jambo jingine, na nikamwuliza. Msichana alikuwa amechanjwa.

Ukitaka kubadilisha televisheni katika gari

Si kila mmoja wenu ana gari lenye vitanda. Lakini wako wenye mabasi ya abiria, magari ya shule, magari ya wamishenari, na hata vibanda visivyo na umeme wa gridi ambavyo hutumia betri. Kwa hao, haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, geuza televisheni dukani usome kibandiko cha nyuma au cha adapta yake. Ukiona volti 12 za DC, hiyo yaweza kuendeshwa na betri bila inveta. Lakini injini inapowaka umeme wa gari hupanda hata kupita volti 14. Mwombe fundi aweke kidhibiti kinachotoa volti 12 wakati wote, hasa kama kibandiko hakisemi kwamba kifaa kinastahimili zaidi.

Pili, waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi iwekwe karibu na betri, si karibu na televisheni. Waya mwembamba hupoteza umeme na kupata moto. Kwa ampea 2, fyuzi ya ampea 5 inatosha.

Tatu, ifungwe kwa chuma na bolti kwenye fremu ya gari, na kati ya chuma na ukuta uwekwe mpira wa kupunguza mtikisiko. Kamba hazitoshi. Hata nyumbani, nimepokea watoto walioangukiwa na televisheni ya chogo. Uzito wake wote uko mbele, na mtoto akivuta droo ya kabati ili apande, inamjia usoni. Kama unayo bado, iweke chini au uifunge ukutani.

Nne, iwe mahali ambapo dereva haioni, nayo izimwe gari likiwa katika mwendo.

Tano, usimruhusu kijana wako kuifungua televisheni ya chogo iliyokufa eti achukue spika. Ndani yake hubaki umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Tena kioo chake kina madini ya risasi, basi usiivunje wala kuizika kihambani unakopanda magimbi. Yetu tulimpelekea fundi anayejua kuzifungua, akachukua vipuri vyake.

Neno la mwisho

Baadhi ya wasomaji wataniambia kwamba televisheni imewanyamazisha waume zao na kuwaharibia watoto wao. Siwezi kubisha. Nimeingia nyumba nyingi za hapa mlimani ambako bibi amekaa kona peke yake, na wajukuu waliokuja Desemba kutoka Dar es Salaam wamempa mgongo, macho kwenye skrini. Chombo ni kilekile. Ndani ya gari letu tumejiwekea sheria mbili ambazo nawapendekezea nanyi majumbani. Hakuna kuwasha mpaka tujue tunatazama nini na kwa nini. Na kila tunapozima, lazima aulizwe mtu mmoja, hasa aliye mzee au mkimya kuliko wote, "Wewe umeona nini?"

Swali hilo ndilo limetupatia majibu ya maana kuliko filamu zenyewe. Ndilo lililompa yule bibi wa Rombo nafasi ya kusema habari za binti yake.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tunakwenda Usseri na Tarakea. Mhazini wetu amekwisha kununua vipimo vya sukari, tena vingi kuliko mwaka jana, maana maandazi yaliyotununulia televisheni hatujaacha kuyauza. Mkipita Moshi na kuliona basi dogo la zamani lenye paneli ya sola juu, simamisheni, mnywe chai. Na kama mnapanda nasi, njooni na sweta.